Hokusai na Wimbi la Nusu Karne

Wimbi la Japani linalojulikana dunia nzima, lile lenye povu lililochongoka kama kucha na mlima mdogo mweupe kwa mbali, halikuchorwa na kijana. Aliyelichora alikuwa mzee wa miaka 70 na ushei, mjane, aliyekwisha kupatwa na kiharusi na kusimama tena, na aliyekuwa akihangaika na madeni ya kamari ya mjukuu wake. Aliitwa Katsushika Hokusai. Wala halikuwa wimbi lake la kwanza. Alikuwa ameshalichora zaidi ya mara tatu, kila mara kwa namna nyingine, na alipomaliza kulichora lile lililompa umaarufu hakuliacha. Aliendelea nalo hadi alipokaribia miaka 85. Wachoraji wengi hubadili mtindo kwa kubadili wanachokichora. Hokusai alirudi kwenye maji yale yale kwa karibu nusu karne, na ndiyo maana mabadiliko ya mkono wake yanaonekana waziwazi kuliko ya mchoraji mwingine yeyote wa zama zake.

Alizaliwa mwaka 1760 katika wilaya ya Katsushika, pembezoni mwa Edo, jiji ambalo leo ndilo Tokyo. Edo wakati huo lilikuwa na watu wapatao milioni moja: wafanyabiashara, mafundi, wapiganaji wasio na vita vya kupigana, na umati mkubwa uliopenda michezo ya kuigiza, mieleka, vitabu vya hadithi na picha za bei nafuu. Utotoni aliitwa Tokitaro, na inasimuliwa kwamba alilelewa katika nyumba ya Nakajima Ise, fundi wa vioo vya kujitazamia aliyekuwa akimhudumia shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi.

Alipofika umri wa miaka 14 hivi alipelekwa kujifunza kazi ya kuchonga mbao za kuchapia picha. Jambo hili hupitwa haraka na wengi wanaosimulia maisha yake, ilhali ndilo lililomtofautisha na wenzake. Picha ya chapa ya Kijapani haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyepesi. Karatasi ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri. Mchongaji akakata mbao kuifuata mistari, na mchoro wenyewe ukaishia hapo hapo chini ya kisu. Kila rangi ilihitaji ubao wake. Mchapaji ndiye aliyepaka rangi, akalaza karatasi, akaisugua kwa mkono. Nyuma ya wote alikuwapo mchapishaji aliyetoa fedha na kuamua nini kitauzika. Wachoraji wengi waliijua brashi tu. Hokusai alijua pia kisu kinaweza nini na hakiwezi nini, na ujuzi huo hakuusahau hata uzeeni.

Mwaka 1778 aliingia katika karakana ya Katsukawa Shunsho, bingwa wa picha za waigizaji wa kabuki, michezo ya kuigiza ya Kijapani. Mwaka uliofuata akapewa jina la Shunro, lenye kipande cha jina la mwalimu wake, kama ilivyokuwa desturi. Kwa karibu miaka 15 alichora kile ambacho karakana ilikiuza: waigizaji katika mavazi ya jukwaani, wapiga mieleka, michoro ya vitabu vya bei rahisi. Ni kazi safi ya fundi mtiifu. Lau angefariki akiwa na miaka 30, leo angetajwa na wataalamu wachache tu katika orodha ya wanafunzi wa Shunsho.

Shunsho alifariki mwanzoni mwa 1793, na haukupita muda mrefu kabla Shunro hajaachana na karakana hiyo. Kwa mchoraji wa Edo, kuacha karakana kulimaanisha kuacha jina, na kuacha jina kulimaanisha kuacha wateja. Yeye alifanya hivyo tena na tena. Mwaka 1795 alitwaa jina la Sori, lililokuwa la ukoo mwingine wa wachoraji. Hapo picha zake zikageuka mara moja: wanawake wembamba wenye nyuso ndefu za upole, rangi hafifu, nafasi kubwa zilizoachwa tupu, kadi za kifahari zilizoagizwa na vikundi vya washairi kwa ajili ya kugawiana wakati wa mwaka mpya. Mambo yalimwendea vizuri. Lakini mwaka 1798 alimwachia mwanafunzi wake jina hilo lililokuwa likimpa ugali, akajitangaza kuwa hana karakana wala mwalimu, akaanza kujiita Hokusai, jina lenye neno kaskazini ndani yake, kwa heshima ya nyota ya kaskazini aliyoiabudu.

Maishani mwake alitumia majina zaidi ya 30, na inaelezwa kwamba alihama nyumba mara 93. Wapo wanaoyachukulia mambo haya kama vituko vya msanii. Lakini ukiyapanga majina kwa miaka na kuweka picha kando yake, utaona kwamba kila jina kubwa lilikuja na mtindo wake. Shunro ana mkono wake, Sori wake, Taito wake, Iitsu wake. Alipomaliza kujifunza kitu alikifunga, akakabidhi jina, akaanza upya kama mwanafunzi. Hiyo ilikuwa njia yake ya kufanya kazi, na ilimgharimu fedha nyingi.

Wimbi lenyewe linaanza kuonekana katika zama za Sori. Mwaka 1797 alitoa picha ya ufukwe wa Enoshima wakati wa majira ya kuchipua. Wasafiri wanatembea kwenye mchanga, kisiwa kiko mbele yao, Mlima Fuji uko nyuma, na pembeni wimbi dogo linajikunja. Ni wimbi la pambo. Limekaa mahali pake kwa adabu, halimtishi mtu, na jicho la mtazamaji linalipita haraka kuwaendea watu.

Miaka michache baadaye jambo jingine liliingia. Japani ilikuwa imewafungia milango Wazungu isipokuwa Waholanzi, nao waliruhusiwa kukaa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki, tu. Kupitia kwao vilipenya vitabu na michoro ya Ulaya iliyochapwa kwa mabamba ya shaba. Wachoraji wa Kijapani waliona humo namna ngeni ya kuonyesha umbali: upeo wa macho ukishushwa chini, vitu vya mbali vikipunguzwa kwa kipimo, vivuli vikipakwa ili kitu kionekane kina mwili. Hokusai aliikamata elimu hiyo kwa pupa. Kati ya mwaka 1803 na 1805 hivi alitoa picha mbili za bahari zinazostahili kutazamwa kwa pamoja. Ya kwanza inaonyesha chombo cha tanga karibu na Honmoku, kikining'inia chini ya wimbi kubwa. Ya pili inaonyesha mashua za makasia zikikatiza maji makali. Katika hii ya pili alichora fremu ya kuigiza fremu za Kizungu, na maandishi ya Kijapani akayalaza kwa mlalo, ili yafanane na ya Waholanzi.

Zitazame kwa karibu. Mawimbi yameinuka sasa, yamekuwa makubwa kuliko vyombo, na hofu imeingia. Hata hivyo maji hayaendi. Wimbi la Honmoku lina uzito wa udongo wa mfinyanzi: limevimba, limepakwa kivuli, ukingo wake umekatwa kwa mstari mmoja laini, na povu halijapata njia ya kutoka. Rangi ni za kahawia na manjano, kama picha ya nchi kavu. Mchoraji amejifunza kulipa wimbi mwili, ila bado hajajua kulipa mwendo. Wazo lote la picha ile maarufu liko hapa tayari, wimbi juu, mashua chini, upeo wa macho mbali. Kilichokosekana ni miaka 25 ya kazi.

Na kazi aliifanya, mara nyingi mahali ambapo hakuna aliyetarajia imfikishe kwenye bahari. Mwaka 1804, katika hekalu la Gokokuji mjini Edo, alichora mbele ya umati sura ya Daruma, mtawa wa Kibudha, kwa ukubwa wa mikeka zaidi ya 100 ya kutandika chumbani, akikokota brashi yenye ukubwa wa ufagio. Alirudia jambo hilo mjini Nagoya mwaka 1817. Kati ya vituko hivyo viwili alitumia miaka mingi kuchora picha za riwaya, hasa za mwandishi Takizawa Bakin. Vitabu hivyo vilichapwa kwa wino mweusi na vivuli vya kijivu bila rangi. Dhoruba, milipuko, majoka na vifo vilipaswa kuonyeshwa kwa mstari pekee. Nadhani hapa ndipo mkono wake ulipokombolewa. Mtu asiye na rangi ya kujificha nyuma yake hulazimika kuufanya mstari wenyewe ukimbie, upinde, ukatike.

Mwaka 1814 mchapishaji wa Nagoya alitoa juzuu ya kwanza ya Hokusai Manga, mkusanyiko wa michoro midogo ya kila kitu: samaki, wacheza ngoma, mapaa ya nyumba, mizuka, watu wanene wakioga, mvua, mawe. Kilikusudiwa kuwa kitabu cha kufundishia wanaotaka kujua kuchora, na kilinunuliwa sana hata zikafuata juzuu nyingine hadi zikatimia 15, ya mwisho ikitoka mwaka 1878, yeye akiwa kaburini kwa karibu miaka 30. Mwaka 1823 alitoa kitabu cha vielelezo kwa ajili ya mafundi wa vitana na viko. Humo yamo mawimbi madogo, yaliyobanwa yaenee juu ya mgongo wa kitana. Kulipunguza wimbi mpaka likae kwenye upana wa vidole viwili, na bado liwe wimbi, ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana.

Kisha maisha yakamwangukia. Karibu na mwaka 1827 alipata kiharusi, na inasimuliwa kwamba alijitibu kwa dawa ya malimau yaliyochemshwa katika pombe ya mchele. Mwaka 1828 mke wake wa pili alifariki. Mjukuu akaendelea kucheza kamari na kukopa, babu akaendelea kulipa. Mwanzoni mwa 1830 aliandika kwamba hana fedha wala nguo. Alikuwa na miaka 69.

Kilichomwinua kilitoka mbali. Rangi ya buluu ya Prussia ilikuwa imegunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, kwa bahati, na mtengenezaji rangi. Japani ilifika kwa kiasi kidogo na kwa bei ya kutisha, hadi mwishoni mwa miaka ya 1820 ambapo ilianza kuingia kwa wingi kupitia Nagasaki na bei ikashuka. Buluu za zamani za Kijapani zilitoka kwenye mimea. Moja ilipauka upesi kwenye mwanga, nyingine ilikuwa ngumu kwa mchapaji kuikoleza na kuififisha. Hii mpya ilikolea hadi karibu nyeusi na ikafifia hadi rangi ya anga la asubuhi, yote kutoka kopo moja. Mchapishaji Nishimuraya Yohachi aliona biashara. Akatangaza mfululizo wa picha 36 za Mlima Fuji, mchoraji akiwa Hokusai, ambaye sasa alijiita Iitsu. Zilipendwa kiasi kwamba zikaongezwa 10, zikawa 46. Picha moja iliuzwa kwa bei iliyokaribiana na ya bakuli moja au mbili za tambi. Mafundi na wachuuzi waliweza kuinunua.

Wimbi la Kanagawa, ndilo lile maarufu, la takriban mwaka 1831, limo katika mfululizo huo. Si picha kubwa: upana wake haufiki sentimita 40. Mashua tatu nyembamba, za aina iliyotumika kukimbiza samaki wabichi kwenye masoko ya Edo, zimenaswa katikati ya maji, na wapiga makasia wameinama wakayakumbatia makasia yao, vichwa vimepangana kama punje. Mistari ya picha yenyewe imechapwa kwa buluu iliyokolea badala ya nyeusi, kwa hiyo hakuna ukingo mkavu unaotenganisha maji na hewa. Fuji, mlima wa mita 3,776, umekuwa mdogo kuliko wimbi, na wimbi jingine la chini, upande wa mbele, limechukua umbo la mlima ule ule hadi mtu akajiuliza kipi ni kipi. Na lile povu. Halikati tena kwa mstari mmoja laini kama mwaka 1803. Limepasuka vidole, kila kidole kimepasuka vidole vingine, na matone yameruka hewani yakianguka juu ya mlima kana kwamba ni theluji yake. Elimu ya Waholanzi bado imo, katika upeo ule ulioshushwa, lakini haijitangazi. Imemezwa. Mtu hahitaji tena fremu ya kuigiza.

Wengi wangesimama hapo. Yeye mwaka 1834 alitoa kitabu kipya, Picha Mia za Mlima Fuji, akabadili jina tena, akawa Manji, na mwishoni mwa juzuu ya kwanza akaandika maelezo kuhusu safari yake. Alisema alianza kuchora akiwa na miaka sita, kwamba alivyochora kabla ya miaka 70 havistahili kuhesabiwa, kwamba alipofika 73 ndipo alipoanza kufahamu kidogo jinsi wanyama, wadudu na mimea vilivyoumbwa. Alitarajia kupiga hatua akiwa na 80, kupenya zaidi akiwa na 90, na akifika 110 kila nukta na kila mstari wake uwe na uhai wake wenyewe. Wapo wanaosoma maneno haya kama unyenyekevu wa kawaida wa mzee. Mimi nayasoma kama ratiba ya kazi, kwa sababu ndivyo alivyoishi baada ya hapo.

Katika juzuu ya pili ya kitabu hicho lipo wimbi tena. Kitabu kimechapwa kwa nyeusi na kijivu tu, mashua zimeondolewa, watu hawapo. Wimbi linaelekea upande wa pili, na povu lake, badala ya kuanguka, linaachana na maji na kugeuka kundi la ndege wanaoruka kuelekea mlimani. Hakuna mstari unaoonyesha matone yanaishia wapi na ndege wanaanzia wapi. Hofu ya mwaka 1831 imetoka kabisa. Kwa macho yangu hii ni picha iliyokomaa kuliko ile inayopendwa na dunia, ingawa haina buluu ya kuiuza.

Kisu nacho hakukisahau. Kutoka Uraga, mji wa pwani alikokuwa amejificha kwa miaka kadhaa katikati ya miaka ya 1830, alimwandikia mchapishaji akitaka kazi ipewe mchongaji Egawa Tomekichi, na akaonya kwamba macho na pua za watu zichongwe kama alivyozichora, zisigeuzwe ziwe za mtindo wa karakana ya Utagawa uliokuwa ukitamba wakati ule. Aliyewahi kushika patasi mwenyewe alijua wapi mstari wake unaweza kuibiwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa kubwa nchini, na biashara ya picha ikaporomoka. Mwaka 1839 moto uliteketeza nyumba yake pamoja na michoro aliyoitunza tangu ujana. Kwa mchoraji aliyekuwa akijirudia na kujisahihisha, kupoteza hazina hiyo kulikuwa pigo kubwa. Akaanza upya. Kati ya 1842 na 1843 alijiwekea desturi ya kuchora simba wa kuzuia mabaya karibu kila asubuhi, na michoro zaidi ya 200 ya simba hao imebaki: wanaocheza, wanaolala, wanaokimbia, kila mmoja kwa mipigo michache ya brashi.

Hakuwa peke yake. Binti yake, Katsushika Oi, aliachana na mume wake, mchoraji, akarudi kuishi na baba hadi mwisho. Alikuwa mchoraji hodari kwa haki yake mwenyewe. Picha zake chache zilizobaki, ikiwamo ya mtaa wa wanawake wa Yoshiwara usiku, zina mwanga wa taa na giza ambavyo baba hakuwahi kuvishughulikia kwa kiwango hicho. Wataalamu wanaona mkono wake katika baadhi ya kazi za rangi za Hokusai wa uzeeni, na ni haki jina lake litajwe kila zinapotajwa.

Uzeeni Hokusai aliachana kwa sehemu kubwa na picha za chapa, akapaka rangi moja kwa moja kwenye hariri, karatasi na mbao. Mfanyabiashara na msomi Takai Kozan alimwalika Obuse, mji wa milimani ulio kilomita zaidi ya 200 kutoka Edo, na mzee akaifunga safari hiyo zaidi ya mara moja akiwa na miaka 80 na kitu. Mwaka 1844 alipamba dari ya gari la sherehe la mtaa mmoja kwa joka na feniksi. Mwaka 1845 zikafuata mbao mbili za dari ya gari la mtaa mwingine, na mada ilikuwa mawimbi.

Mlima hakuuchora. Mashua hazipo, wala upeo wa macho, ule alioupigania kuupata kutoka kwa Waholanzi. Mtazamaji alikusudiwa kuinua kichwa na kuona maji yakizunguka juu yake, buluu nzito ikijisokota kuelekea shimo la katikati, povu likiwa limejaa kila pembe. Mbao hizo mbili hupewa majina ya wimbi dume na wimbi jike. Mistari inazunguka bila mahali pa kuanzia. Ukiziweka mbao hizi kando ya picha ya ufukwe wa 1797, huwezi kuamini kwamba ni mtu mmoja, mpaka upitie zile zilizo katikati moja baada ya nyingine.

Alifariki mwezi Mei 1849, akiwa na miaka 88 kwa hesabu yetu na 90 kwa hesabu ya Kijapani ya wakati ule. Inasimuliwa kwamba aliomba miaka kumi zaidi, kisha akapunguza ombi liwe mitano, ili awe mchoraji wa kweli. Miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa bado akipaka rangi kwenye hariri: chui milia katika theluji, joka likipanda juu ya Fuji ndani ya moshi mweusi.

Japani ilipofunguliwa katika miaka ya 1850, Ulaya ilimpokea Hokusai vipande vipande. Paris ilianza na Manga, ikafuata buluu ya Fuji. Wachoraji Monet na van Gogh walikusanya picha za Kijapani, na mtunzi Debussy aliliweka wimbi la Kanagawa kwenye jalada la muziki wake wa bahari uliochapishwa mwaka 1905. Tangu Julai 2024 wimbi hilo liko kwenye noti ya yeni 1,000. Mbao za mawimbi ya 1845 zilibaki milimani Obuse, ambako jumba la makumbusho lilijengwa mwaka 1976 kutunza kazi zake za mwisho, na bado ziko hapo pamoja na magari ya sherehe.